Nani Atapanda Miraa ya Mutembei

Kule kwenye simu, mwanamke akipigwa kofi saa mbili asubuhi, saa mbili na dakika mbili amesharudi na gari jeusi, miwani myeusi na wanaume wanne wa kumfungulia mlango. Aliyempiga anaanguka magoti. Mama mkwe anazimia. Kipande kinakatika hapo hapo, na kama huna bando unalala bila kujua kama mama mkwe aliamka.

Nilivitazama vipande hivyo miezi mitatu kwa simu ya mjukuu wangu Kiende, na swali langu lilikuwa moja tu. Hayo magari meusi yalikuwa wapi mwaka wa sabini na tisa, mume wangu Mutembei aliponing'oa jino kwa sababu uji ulikuwa na madonge?

Mimi ni Karwirwa, wa hapa Kangeta, na watu huniita Mama Mukiri. Nilisoma mpaka darasa la tano, nikaolewa kabla ya kufika kwenye desimali. Nina miaka sabini na moja, goti moja bovu na mke mwenza mmoja. Kati ya hivyo viwili, goti ndilo lenye nafuu.

Mke mwenza huyo ni Kagure, mzaliwa wa Kanja, kule Embu. Mutembei alimleta mwaka wa themanini na nane, siku zile alipokuwa akipeleka miraa Embu mjini. Kagure alishuka garini na viatu vya kisigino, sanduku la bati lenye maua, na sauti ndogo kama ya mtu anayeomba njia kanisani. Na tangu siku aliyofika, Mutembei hakunigusa tena.

Utasema ningeshukuru. Sikushukuru. Miaka kumi na minane nilimfundisha mtu yule adabu kwa meno yangu na kwa mkono wangu wa kushoto, ambao mpaka leo unajua mvua kabla ya redio. Nilipiga mayowe, wazee wa ukoo wakaketi, akatozwa mbuzi mbele ya watu. Na alipokuwa sasa ameiva, adabu ile yote akaila Kagure. Nyumba yake iko hatua sitini kutoka kwangu, na katika miaka zaidi ya thelathini sijasikia huko hata sufuria ikianguka. Asubuhi anatoka na leso yake imefungwa sawasawa, shingo ndefu, anasema, "Umeamkaje, Mama Mukiri?" Mdomo wangu unajibu nimeamka salama. Moyo unajibu mengine.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho na Kagure hakuwa nacho. Makovu. Hayo niliyatunza kama mtu anavyotunza hati ya shamba.

Sasa Kiende alikuwa amerudi kutoka chuo cha Meru mjini, amesomea mambo ya kamera, na kazi hakuna. Siku moja akaniambia, "Shosho, watu wamechoka na matajiri wa magorofa. Tufanye vipande vyetu. Dakika moja na nusu tu. Matope, miraa, mke anapigwa, mke analipiza. Nipe hadithi."

Nikampa. Siku mbili nzima nilimpa. Jino nikampa, mkono nikampa, upanga wa kupogolea miraa uliotua mgongoni kwa ubapa, wazee, mbuzi, kila kitu. Kiende aliandika mpaka kalamu ikaisha. Alilia mara tatu. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe na kufurahi, maana nilikuwa nimeshajiona ndani ya simu nikiwa na shingo ndefu.

Kisha akatafuta wa kuigiza. Nafasi ya mume akampa Mwalimu Kirimi, kiongozi wa kwaya yetu, mtu anayemwomba kuku msamaha kabla ya kumchinja. Ya mke, akasema atatujaribu wawili, mimi na Kagure.

Mimi nikatangulia. Mwalimu Kirimi akanyanyua mkono, akasema, "Samahani, mama, nitakupiga kidogo," kisha akanipiga kofi la hewa. Nikacheka. Akarudia. Nikacheka mpaka nikaketi chini. Nifanyeje? Ukishapigwa la kweli, la uongo linatekenya.

Kagure akafuata. Kofi la hewa likapita, naye akashika shavu, akatazama chini, machozi yakateremka bila kelele, moja hapa, moja pale. Hakutumia hata kitunguu. Mwalimu Kirimi mwenyewe alianza kulia, akaomba maji.

"Shosho Kagure, umejifunzia wapi?" Kiende akauliza.

"Mungu humpa mtu," akajibu kwa ile sauti yake ndogo.

Akapewa yeye. Mimi nikapewa sehemu ya jirani anayepita nyuma na mzigo wa kuni.

"Lakini hadithi ni yangu!" nikasema. "Jino ni langu!"

"Ni yako, Shosho. Lakini ukipigwa unacheka."

Basi nikapita na kuni. Kila Kagure alipoanza kulia, nilipita. Nilipita kutoka kushoto, nikapita kutoka kulia, mara moja nikasimama katikati nikakohoa na kupangusa jasho. Kiende akasema hakuna jirani wa kuni nyingi hivyo. Nikamwambia kwetu kuna baridi.

Vipande vikatoka, na watu wakapagawa. Jumatano nikaenda soko la Kangeta pamoja na Kagure, na kabla hatujafika penye ndizi akina mama walikuwa wamemzunguka. "Pole, Mama Nelius! Pole kwa yote uliyopitia!" Nelius ni binti yake. Mwenye ndizi akampa mkungu bure. Mwenye viazi akamshika mkono, mkono mzima usiojua hata mvua, akaubusu.

Nikajipenyeza. "Mimi ndiye niliyepigwa! Pengo lenyewe hili hapa!" Nikafungua mdomo wote.

Mwenye viazi akanitazama, akafurahi. "Ai! Shosho, si wewe ndiye yule wa kuni?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba mkungu wa ndizi wa Kagure, kwa sababu yeye alisema mgongo unamuuma. Mgongo! Wa nini?

Sasa ikabaki kipande cha mwisho, cha kulipiza, na Kiende akakwama. Gari jeusi hatuna. Mke akiwa tajiri ghafla, watu wa Kangeta watauliza mali imetoka wapi. Akafikiria sumu, nikamwambia hiyo ni polisi. Akafikiria wokovu, nikamwambia huo ni usingizi.

"Mke apande juu ya miraa ya mumewe," nikasema.

Kiende akaacha kalamu. Anajua, kila mtoto wa huku kwetu Igembe anajua. Mwanamke atafunga miraa kwa majani ya mgomba, ataibeba, ataiuza sokoni mpaka koo likauke. Lakini kuupanda mti, kuchuma, hapana. Wanaume wanasema mti ambao mwanamke amepanda juu yake unakauka, na miraa yake ni nuksi, hainunuliki. Mimi sijui. Najua tu kwamba Mutembei alikuwa na mti mmoja mkuu, mti mzee wa aina tunayoita mbaine, uliooteshwa na babu yake, na mti huo aliuamkia kila asubuhi kabla ya kutuamkia sisi.

"Shosho, wewe ni moto," Kiende akasema. "Hiyo ndiyo."

"Ndiyo. Na atakayepanda ni mimi."

"Mke ni Shosho Kagure."

"Wa Kanja? Huyo amezaliwa kwenye majani chai! Hajui hata tawi lipi linabeba mtu."

"Tutatumia ule mti uliokauka kando ya choo. Atasimama kwenye kreti, mimi nitampiga picha aonekane kama yuko juu. Na wewe, Shosho, una goti."

Wivu ukishuka tumboni haupigi kelele, unatafuta mahali pa kuketi. Maisha yangu yote nimetazama mti ule. Nilipigwa chini yake. Na sasa wa kuupanda, hata kama ni wa uongo, hata kama ni kwenye kreti kando ya choo, awe ni yule asiyejua kofi!

Ndipo nikafanya jambo ambalo sitalisema kanisani.

Mutembei hakujua mambo ya vipande. Simu yake ni ile ya vitufe tunayoita kabambe, ya kupiga na kupokea tu, na alidhani Mwalimu Kirimi anatufundisha mchezo wa Pasaka. Jioni hiyo nikampelekea chai, nikaongeza sukari, nikasema taratibu, "Baba Mukiri, si umejua? Kesho asubuhi mke wako mdogo anapanda mbaine ya babu yako. Apigwe picha juu yake. Dunia nzima itaona."

Hakupiga kelele. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe chini polepole. Mimi ningepaswa kuukumbuka ukimya ule, niliuishi miaka kumi na minane. Lakini nilijiambia: kwa Kagure yeye ni mtu mwingine. Atamkaripia tu. Kagure atajitoa, machozi moja hapa moja pale, na Kiende atakuja mlangoni kwangu kupiga magoti kama wale wa kwenye simu. Nililala nikitabasamu kama msichana.

Asubuhi wachumaji watatu walikuwa juu ya miti tangu kulipokucha. Pikapu ya Mahamed ilikuwa imesimama barabarani. Mahamed ni mnunuzi wa kutoka Maua, mtu wa maneno machache, na miraa ya Mutembei ameichukua miaka mingi. Kiende alikuwa kando ya choo, amefunga simu kwenye kijiti. Mwalimu Kirimi alikuwa anafanya mazoezi ya kukunja uso. Kagure hayupo.

"Shosho, hebu mwite," Kiende akaniambia. "Jua linapanda."

Nikaenda. Nakuambia ukweli, nilikuwa naimba.

Nilipofika karibu na nyumba ya Kagure nikasikia sauti ya Mutembei, chini chini. Pazia la dirisha lilikuwa limeachana kidogo. Nikachungulia. Wewe pia ungechungulia.

Mutembei alikuwa amesimama katikati ya chumba. Mkononi alikuwa na kipande cha mpira wa tairi, ule wa kufungia mizigo kwenye baiskeli, na alikuwa anauviringisha kwa taulo lililolowa maji. Aliviringisha vizuri, bila haraka, kama mtu anayefunga miraa. Kisha akasema, "Geuka."

Na Kagure akageuka. Hakuuliza kitu. Alikwenda mwenyewe ukutani, akaweka viganja viwili juu, akaachanisha miguu kidogo ili asianguke, akaingiza pindo la leso mdomoni akaliuma. Na pale viganja vilipotua, ukuta ulikuwa na alama mbili nyeusi za mafuta ya mikono. Za miaka.

Kumbe hakuacha. Alihamia.

Unataka kujua nilihisi nini kwanza? Nitakuambia, maana nimezeeka na sina haja ya kupendeza. Nilihisi wivu. Ndiyo. Hata hilo! Jambo moja katika boma lile nililodhani ni langu peke yangu, na hata hilo Kagure alikuwa na fungu lake, tena kubwa kuliko langu, na alikuwa amelificha chini ya leso nzuri miaka yote hiyo huku mimi nikitembea na pengo langu kama askofu na msalaba.

Taulo likapiga. Halikulia kama kofi. Lililia kama mtu anayekung'uta gunia. Ndiyo maana hatua sitini hazikusikia kitu.

Na chai ile niliipeleka mimi, na sukari niliongeza mimi.

Mayowe? Ningepiga mayowe angesema nimeona nyoka. Mlango ulikuwa na komeo. Nikatafuta kichwani kitu ambacho Mutembei anakipenda kuliko mkono wake mwenyewe, na sikutafuta sana. Kilikuwa kimesimama pale pale, kati ya nyumba ya Kagure na barabara.

Nikakimbia. Kukimbia kwangu ni kutembea na kuhema kwa kelele, lakini nilifika. Chini ya mbaine palikuwa na kreti ya soda ya wachumaji. Nikapanda kreti, nikashika tawi la kwanza, nikaliacha goti liseme linavyotaka. Mti ule umegawanyika chini, una matawi manene kama mapaja ya fahali. Nikafika panda ya kwanza. Nikafika ya pili. Hapo nikajifunga kwa mikono, nikavuta pumzi, nikamwita mume wangu kwa jina lake tupu, kitu ambacho mke wa kwetu hafanyi hata akiota.

"Mutembei! Wewe Mutembei! Kuja uone! Mkeo yuko juu ya mti wa babu yako!"

Mchumaji mmoja aliachilia tawi akateleza mpaka chini. Mwingine akasema, "Yesu." Mahamed akatoka kwenye pikapu, akaweka mkono juu ya macho. "Mama," akasema, "mama, wallahi, shuka."

"Sishuki! Mutembei! Nachuma!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mutembei akatoka mbio, na kwa haraka yake alisahau mkononi ana nini. Alikuja na taulo lake, linachuruzika maji, mpira umetokeza kama ulimi. Kila mtu akaona. Kiende alikuwa ameshang'oa simu kwenye kijiti na anakuja akiielekeza kwetu.

Alifika chini yangu akainua uso kunitukana. Halafu akakumbuka kwamba nimevaa gauni. Mzee wa ukoo, kusimama chini ya mwanamke aliye juu ya mti! Akajifunika uso kwa kofia yake.

"Shuka!" akasema ndani ya kofia.

"Panda unitoe."

"Karwirwa, nitakuua!"

"Kwanza fungua macho."

Wachumaji wakacheka. Si kwa sauti, puani tu, lakini alisikia. Mimi nikavunja vijiti vya miraa, vile vyekundu vya juu kabisa, nikamtupia kimoja kimoja kwenye kofia. "Tafuna! Hii imechumwa na mkeo. Tafuna, ni laini!"

Hapo Kagure akatokea. Hakukimbia. Alikuja na leso imefungwa sawasawa, kila hatua ikimgharimu, nikaona sasa ule mwendo wa pole niliouita maringo kwa zaidi ya miaka thelathini ulikuwa mwendo wa nini. Akasimama mbele ya Mahamed na wachumaji, karibu na Kiende na simu yake, akasema kwa ile sauti ndogo:

"Msimuulize huyo wa juu ya mti anafanya nini. Muulizeni huyu taulo ni la nini."

Mwalimu Kirimi, yule wa kuomba kuku msamaha, akaenda akalichukua taulo mkononi mwa Mutembei, akasema, "Samahani, mzee," na akaondoka nalo.

Mahamed alirudisha kwenye pikapu majani ya mgomba aliyokuwa ameshayatandika. "Mzee Mutembei, leo sichukui."

"Ni mti mmoja tu!" Mutembei akasema, bado yuko kwenye kofia. "Ile mingine ni safi! Chukua ile mingine!"

"Saa sita Kangeta yote itakuwa inajua. Nikifungua mzigo mtu ataniuliza, hiki kijiti ni cha mti upi? Nitamwonyesha nini?" Akawasha gari. Kisha akatoa kichwa dirishani, akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu wa biashara: "Na hata kama hakungekuwa na mti, mzee. Mimi nina dada."

Wachumaji wakashuka, wakaweka walichochuma chini, wakaenda. Mutembei akabaki amesimama shambani na kofia usoni, na hakuna aliyemwambia aitoe. Mwishowe akaenda zake akipapasa kama kipofu.

Sasa shida ikawa kushuka. Kupanda nilipandishwa na hasira, na hasira haina njia ya kurudi. Kiende alikuwa anapiga picha huku analia, hafai kwa lolote. Kagure akaja akaweka kreti sawa, akashika shina.

"Lete mguu, Mama Mukiri."

"Mgongo wako unauma. Niache."

"Lete mguu, wewe!"

Nikaleta. Nikakanyaga bega lake, akakunja uso lakini hakutoa sauti, huyo ana ujuzi wa kutotoa sauti. Tukaanguka pamoja kwenye nyasi. Tukakaa hapo, hakuna anayemtazama mwenzake.

"Ni mimi niliyemwambia," nikasema. "Jana. Kwa wivu."

"Nilijua. Hakuna mwingine ambaye angemwambia ule mti wa chooni ni mbaine."

"Kwa nini hukusema? Miaka yote hiyo! Ungepiga hata yowe moja!"

Akang'oa nyasi, akazitafuna. "Wewe ulipiga mayowe ukaletewa wazee na mbuzi. Nilipokuja hapa nilikuta unasifiwa kijiji kizima, Karwirwa jasiri, Karwirwa aliyemshinda Mutembei. Ningesema nini? Kwamba wewe ulimshinda na mimi nimeshindwa? Kila ulipofungua mdomo kuonyesha lile pengo, nilitamani kukung'oa la pili. Nilikuonea wivu mpaka nikaugua."

Wivu! Kwangu mimi! Sijawahi kuambiwa neno tamu hivyo na mtu yeyote, na huyo mume wetu namhesabu pia. Nilitaka kumwambia pole. Pole ilikuja mpaka kooni. Lakini kilichotoka ni, "Kuugua kwa kweli?"

"Wiki mbili."

"Mwaka gani?"

"Achana na mwaka, mama!"

Wazee wa ukoo waliketi Jumamosi. Walikuwa na hamu ya kusema habari ya mti kwanza, lakini Kiende alikuwa ameshakirusha kipande, na wazee wale wana wajukuu, na wajukuu wana simu. Walikuwa wamekwisha kuona taulo. Mutembei akaamriwa apeleke mbuzi kwa watu wa Kagure huko Kanja, na akapeleka mwenyewe, anamvuta kwa kamba, anapita katikati ya soko. Kisha akaambiwa ahamie kile kibanda cha shamba la chini na asikanyage nyumba yoyote kati ya zetu asipoitwa. Hajaitwa. Anajipikia. Jioni upepo ukitoka kule tunasikia harufu ya uji unaoungua, na nina hakika una madonge.

Kuhusu mbaine, wazee walisema hakuna mwanamume atakayeugusa tena. Wakangoja ukauke. Haukukauka. Mvua za Oktoba zilipokuja ulichipua kama kichaa, mwekundu juu mpaka chini, na hakuna wa kuuchuma ila wale waliokwisha kuuharibu. Akina mama wa soko wananunua. Vijana pia wananunua, wakisema wanamnunulia mtu mwingine.

Lakini hujasikia jambo linaloniuma.

Kipande kile kilitazamwa na watu laki mbili na zaidi. Dakika moja na nusu. Niko juu ya mti, miaka sabini na moja, na goti, namwita mume kwa jina tupu, natupa vijiti kwenye kofia. Kiende alinisomea maoni ya watu kuanzia juu mpaka kidole chake kikachoka. "Yule mama aliyesimama chini ananiua roho." "Sauti yake jamani." "Yule wa leso anaitwa nani?" Wa leso! Alisema maneno mawili na kusimama! Mmoja tu ndiye aliyenitaja mimi. Aliandika, "Si huyu ndiye wa kuni?"

Tunachuma kwa zamu, mimi na Kagure. Tulikubaliana wiki yangu, wiki yake. Mwalimu Kirimi alitutengenezea ngazi ya mkaratusi. Wiki iliyopita ilikuwa yangu. Jumatatu nikaamka mapema, nikajifunga leso vizuri kwa sababu Kiende alisema atakuja na simu, nikafika kwenye mti. Ngazi imeshaegemezwa. Kagure yuko juu, panda ya tatu, mbali kuliko nilipowahi kufika mimi, shingo ndefu, jua linampiga upande mzuri.

"Umeamkaje, Mama Mukiri?"

"Shuka! Wiki ni yangu! Na mti huo nilianza mimi!"

"Kupigwa ulianza wewe," akasema, anachuma bila kunitazama. "Kuolewa ulianza wewe. Kupanda ulianza wewe. Niachie na mimi hata kimoja."

"Kipi?"

"Nishikie ngazi, nakuja na mzigo."

Kiende alikuwa anakuja kwenye njia, simu tayari mkononi. Nikaishika ngazi. Niliishika kwa mikono miwili, kama dada kabisa.

Nikaitikisa, kidogo tu.